Sura ya Saba: Rafu Juu ya Chetezo

Katika nyumba za zamani za Limuru, Karen na Muthaiga, sebule ilijengwa kuuzunguka moto. Kuna meko ya jiwe ukutani, kuna bomba la kutoa moshi juu ya paa, na juu ya meko kuna rafu ambapo wenye nyumba hupanga vitu wanavyovienzi: saa ya babu, vinara vya shaba, picha za arusi, sahani ya kauri iliyovuka bahari bila kuvunjika. Limuru imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai moto ule huwashwa kwa sababu watu wanatetemeka. Vitabu vya mapambo ya nyumba huanzia hapo, vikaeleza namna ya kuipamba rafu hiyo kwa vitu vya kale, na msomaji wa Garissa akabaki hana pa kushika. Mji wake umelala kando ya Mto Tana, kwenye kimo cha mita 150 hivi, na joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa urahisi. Huku hakuna anayewasha gogo sebuleni.

Hata hivyo moto upo. Umo ndani ya chetezo, kile Wasomali wanachokiita dabqaad, na kila jioni, mkaa mmoja au miwili ikishaiva jikoni, mama wa nyumba huiweka ndani yake, akadondoshea punje za uunsi, yaani ubani wa manukato, na chumba kikabadilika. Mgeni akiingia hujua kwamba amekaribishwa kabla hajaketi. Chetezo hicho ndicho meko ya sebule ya Garissa, Wajir na Mandera, na ukuta ulio nyuma yake ndio mahali panapofaa kwa vyombo vya kale vya familia. Sura hii ni ya ukuta huo.

Rafu ya Kiingereza yenyewe haikuanza kama pambo. Zamani moto wa nyumba za Ulaya uliwaka katikati ya ukumbi, moshi ukatafuta njia yake paani. Mabomba ya moshi yalipoenea, moto ukahamia ukutani, na pale juu yake pakajengwa mwavuli wa kuukusanya moshi usirudi chumbani. Ukingo wa mwavuli ule ndio uliogeuka rafu. Halafu, mwezi Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku kadhaa na kuua maelfu ya watu; mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Hewa Safi, na moto wa makaa ukaanza kuzimwa nyumba hadi nyumba. Meko mengi yakazibwa. Rafu hazikung'olewa, na mpaka leo zinabeba saa na vinara juu ya moto ambao haupo.

Nalitaja hilo kwa sababu kaskazini mashariki mwa Kenya mambo yalikwenda kinyume. Moto ulibaki, vyombo ndivyo vilivyokosa mahali. Familia ilipotoka kwenye aqal, nyumba ya mikeka ya wafugaji wanaohama, ikahamia nyumba ya matofali na mabati, ukuta mpya haukuwa na tawi la kutundikia dhiil, chombo cha maziwa, na chombo kilichokuwa kinaning'inia karibu na moshi kikaishia uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati, kikavumbikwa na vumbi jekundu.

Majirani wa kusini walilitatua jambo hili zamani kwa chokaa. Kaunti ya Garissa inapakana na Lamu, na katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu, hasa zile za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani umechongwa zidaka, yaani safu za vishubaka vya lipu vilivyonakshiwa, ambamo waungwana walipanga sahani za kauri za Uchina na vitu vingine vya thamani. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na anayefika kule aende akazitazame zidaka kwa makini, kwa maana zina funzo kubwa: kila kitu kina chumba chake. Hakuna sahani inayosukumana na jirani yake. Kivuli cha kishubaka ndicho fremu.

Sasa tuingie ndani ya aqal, kwa sababu mpangilio wa ukuta wetu unatoka humo.

Aqal ni nyumba ya mwanamke kwa maana halisi kabisa. Yeye ndiye aliyesuka mikeka yake, mara nyingi pamoja na mama na shangazi zake kabla ya arusi. Yeye ndiye huisimamisha kwa kuikunja miti kuwa matao na kuitandaza mikeka juu. Na siku ya kuhama yeye ndiye huivunja na kuipakia mgongoni mwa ngamia. Kwa hiyo kila kilichomo kilipimwa kwa uzito na kwa uwezo wa kuvumilia safari. Kikombe cha kauri kisingefika Wajir kutoka Ijara. Chombo cha kusukwa kilifika.

Haan ndiyo kubwa ya vyombo hivyo. Husukwa kwa nyuzi za magome na mizizi, mkono ukirudia mshono ule ule kwa majuma mengi, mpaka ukuta wake ukakaza kiasi cha kushika maji au maziwa. Hufungwa ndani ya fremu ya miti iliyopindwa ili ngamia aweze kuibeba bila kuiponda. Dhiil ni ndogo yake, chombo cha maziwa chenye kifuniko ambacho chenyewe hutumika kama kikombe. Kuna xeero, bakuli la mti lenye kifuniko; kuna fandhaal, kijiko kilichochongwa kwa kipande kimoja; kuna koor, kengele ya mbao inayofungwa shingoni mwa ngamia, na mchungaji huitambua ya kwake gizani kwa mlio. Na kuna barkin, kiegemeo cha kichwa cha mwanamume, kidogo, chepesi, kilichofunikwa na nakshi za kusukana pande zote. Viegemeo hivi vimo katika makumbusho mengi ya Ulaya, nadhani kwa kuwa vinatosha mfukoni mwa ofisa anayerudi kwao.

Ukiiangalia haan ya miaka hamsini utaona ni nyeusi, inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, na ukiisogeza puani inanukia moshi mtamu. Weusi huo ndio uhai wake. Wafugaji wa kaskazini yote, Wasomali, Waborana, Warendille, Wagabra, husafisha vyombo vya maziwa kwa moshi. Kijiti kilichochomwa mpaka kikawa kaa linalofuka hutiwa ndani ya chombo, kifuniko kikafungwa, chombo kikatikiswa, kikaachwa kinywe moshi. Kisha majivu hupanguswa. Mti huchaguliwa kwa uangalifu, maana kila mti huacha ladha yake katika maziwa, na mwenye ulimi mzoefu hutaja mti kwa kuonja. Sayansi inakubaliana na akina mama hawa: moshi wa kuni una kemikali za jamii ya fenoli zinazozuia vijidudu, na ndiyo sababu maziwa ya ngamia yaliyotiwa katika chombo kilichofukizwa hukaa muda mrefu zaidi katika joto la jangwani. Chombo nacho hufaidika. Masizi na mafuta ya maziwa huziba vitundu vya msuko, na wadudu wanaokula nyuzi hawapapendi mahali penye moshi.

Kisha ukaja mtungi wa plastiki wa lita 20. Ni mwepesi, ni rahisi, hauhitaji majuma ya kusuka, na biashara ya maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kila siku hadi Eastleigh, Nairobi, isingeweza kukua kwa haan peke yake. Simlaumu mwanamke yeyote aliyeuchukua. Hata hivyo mtungi huo ulipoingia, kazi ya haan iliondoka, na chombo kisicho na kazi hakifukizwi. Nyuzi hukauka, zikasinyaa, msuko ukaachana. Baada ya miaka michache ya kukaa kavu juu ya kabati, haan iliyovumilia safari za ngamia hupasuka yenyewe bila kuguswa na mtu. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kabla hajapigilia msumari hata mmoja ukutani: vyombo vya huku havikutengenezwa vikae vitazamwe. Anayetaka kuvipamba sebuleni lazima avipe moshi wao.

Watu huchanganya moshi wa aina mbili, nami naomba tuutenganishe. Uunsi wa jioni ni wa watu na nguo zao. Hupikwa kwa sukari, ubani na manukato, na moshi wake ni mzito, una mafuta, unanata. Ukifukiza chombo kwa uunsi kila siku, kitapata utando wa kunata unaokamata vumbi, na harufu ya manukato itaiua ile ya kuni. Moshi wa chombo ni wa kijiti, mkavu, mfupi. Kwa hiyo usiiweke haan juu ya chetezo moja kwa moja ukidhani unaitendea wema. Ipeleke uani mara moja kila baada ya msimu wa mvua, masika na vuli, ukaifukize kwa njia ya bibi, ukaifute kwa kitambaa kikavu, ukairudisha. Bibi akiwa bado hai, mwombe akuonyeshe mwenyewe. Mwite ayeeyo, mketishe, mpe chai kwanza. Wazee wengi hawajaulizwa swali hili na mjukuu yeyote, na wanalo la kusema kwa saa nzima.

Chetezo chenyewe kinastahili kuchaguliwa kwa jicho. Vile vyeupe vya jiwe laini vilivyochongwa vinatoka Ceelbuur, katikati ya Somalia, ambako machimbo ya jiwe hilo yanajulikana tangu zamani. Hukatwa kwa kisu na msumeno, kisha hunakshiwa kwa mistari na vitundu. Vipo vya udongo, vyepesi na vya bei ya chini, na siku hizi vipo vya umeme. Cha umeme kina faida yake usiku wa haraka, lakini ukuta wa vyombo vya kale unadai kaa la kweli. Jiwe likishazoea moto hupata doa la kahawia kwenye midomo yake ambalo hakuna rangi inayoweza kuliiga. Ukipata cha zamani chenye ufa mdogo, kinunue, ukitie mchanga chini ya kaa ili joto lisiufikie ufa. Na ubani wa kutia ndani yake hauhitaji kutoka mbali: misitu mikavu ya Wajir na Mandera ina miti inayotoa ubani mweusi, hagar na manemane, na wakusanyaji wake wengi ni wafugaji wenyewe, wakiwemo wanawake na watoto wanaofuata mbuzi.

Nimesema vyombo vilikosa mahali. Lazima niseme pia kwamba vingi havipo tena, na sababu si mtungi wa plastiki tu.

Baada ya Uhuru, wakati wa vita vilivyoitwa vya Shifta, serikali iliwakusanya wafugaji wa Kaskazini Mashariki kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari, kuanzia 1966. Mifugo ilitwaliwa au ikafa mahali pamoja bila malisho. Aqal isiyohama haisukiwi mikeka mipya, na familia isiyo na ngamia haina cha kutia ndani ya haan. Novemba 1980 ilikuja ile siku ambayo wenyeji bado wanaiita kuchomwa kwa Garissa: baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule. Watu walikufa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Katika majivu yale mlikuwa na mikeka ya arusi, mbao za chuo, masanduku ya bati yenye vyeti na picha. Kisha ukame wa 1984, ule wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wa 2011, na ule wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo mvua ikishindwa kunyesha. Kila ukame familia zilihama na vichache kuliko zilivyokuja navyo. Na Mto Tana nao hufurika kingo zake. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na yale ya mwisho wa 2023 yaliingia majumbani, na nyuzi zilizoloa maji ya matope huota ukungu.

Kwa hiyo ukiona haan nzima katika nyumba ya Garissa, umeona kitu kilichonusurika. Kwa sababu hii siwezi kukushauri kama vitabu vya ng'ambo vinavyoshauri, kwamba ukusanye vitu ishirini, uvipange, ubadilishe kila msimu. Viwili vinatosha. Hata kimoja.

Sasa kazi ya mikono. Ukuta ufaao ni ule ambao jua la saa tisa haliufikii, kwa sababu jua la Garissa hupausha ngozi na kukausha nyuzi kuliko kitu kingine chochote. Uchague pia ule usiotazamana na mlango wa nje, maana upepo wa mchana huleta vumbi. Rangi ya ukuta iwe ya chokaa au ya udongo mwepesi. Nyumba nyingi mjini hupakwa kijani kibichi au bluu ya kung'aa, nami naipenda bluu hiyo madirishani, ila nyuma ya chombo cheusi inapigana nacho. Rafu iwe ya mbao nene, isiyopakwa vanishi, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ikae juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyeketi chini. Hapo pana jambo ambalo wauzaji wa samani hawaliangalii: sebule nyingi za Kisomali ni za kuketi chini, magodoro na mito ikizunguka kuta tatu, kwa hiyo macho ya mgeni yako chini. Rafu iliyopandishwa hadi kimo cha mtu aliyesimama humwonyesha matako ya vyombo tu.

Chini ya rafu, sakafuni au juu ya kigoda, weka chetezo. Kisiwe chini ya vyombo moja kwa moja. Kisogezwe upande mmoja, umbali wa hatua moja kamili, ili moshi upande kwa mshazari na cheche isiupate mkeka. Mkeka mkavu wa miaka thelathini hushika moto haraka. Na kaa la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Dirisha moja libaki wazi, hasa watoto wakiwa wamelala humo.

Juu ya rafu, anza na kikubwa. Haan iende upande ulio kinyume na chetezo, ikiwa ndani ya fremu yake ya miti, si nje. Watu huitupa fremu kwa kuiona mbovu, na hapo chombo hupoteza umbo la safari yake. Pembeni yake acha nafasi tupu, kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, zikumbuke zidaka. Kisha kitu kimoja cha chini, kama barkin au koor. Ukiwa na mkeka wa arusi wenye mistari ya rangi, utundike ukutani nyuma ya rafu kwa ufito uliopenyezwa kwenye kamba zake. Usiupige misumari, kwa kuwa misumari huupasua kwa uzito wake wenyewe.

Ubao wa chuo, loox, ambao watoto wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, waliandikia aya kwa wino wa masizi kisha wakaufuta, una adabu yake. Ukae juu kuliko vitu vyote vya ukuta huo, usiwe karibu na viatu, usifikiwe na moshi wa uunsi, na maandishi yaliyosalia yasisuguliwe. Familia nyingi hazitaki sanamu za watu au wanyama sebuleni mahali wanaposwali, na zipo zisizotundika hata picha za wazazi. Usibishane nalo. Kiegemeo chenye nakshi za kusukana kinajaza jicho bila kuhitaji sura.

Vitu vya kisasa vya jana navyo vina haki hapo, nami huwaona watu wakivionea aibu bure. Redio ya mawimbi mafupi ya miaka ya sabini, yenye kifuko cha ngozi kilichoshonwa nyumbani, ni kitu cha kale kamili. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957, na kwa miaka mingi saa yake ya jioni ndiyo iliyowakusanya wazee kuzunguka kifaa hicho kwenye vituo vya maji. Chupa ya chai yenye maua, birika la enameli lililobanduka, taa ya chemni, sanduku la bati lililopakwa waridi: kimoja kati ya hivi, kikiwekwa jirani na dhiil, huonyesha familia ilivyovuka kutoka malishoni kuingia mjini. Viwili vikizidi, rafu inageuka duka.

Habari ya kununua inanitia wasiwasi, basi nitaisema wazi. Sokoni Garissa, siku za mnada wa mifugo hasa, vyombo vya zamani hujitokeza mikononi mwa watu waliokuja kuuza mbuzi. Wakati wa ukame hujitokeza vingi. Mama anayeuza dhiil ya mamake mwaka wa njaa hauzi pambo. Anauza kwa sababu watoto hawajala. Usishindane naye bei. Mlipe anachotaja, mwulize nani aliisuka, wapi, kwa arusi ya nani, na umwambie kwamba mvua ikirudi na akiitaka, ipo. Wapo waliorudi kukomboa vyao, na hakuna mnunuzi mwungwana anayekataa.

Mfano wa chombo kilichoondoka bila ridhaa hauko mbali. Ng'ambo ya daraja la Garissa ni Kaunti ya Tana River, nchi ya Wapokomo, na ngoma yao tukufu ya ngadji ilitwaliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902, ikafika Makumbusho ya Uingereza mwaka 1908, na iko katika ghala zake mpaka leo. Vizazi vya Wapokomo vimezaliwa na kuzeeka bila kuisikia. Mwenye kuingiza kitu cha mwenziwe sebuleni na autazame ukuta wake kwa fikra hiyo.

Sheria nayo ina mambo mawili. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Jambo la pili ni nyara. Vyombo vya ngozi ya twiga vya kutekea maji kisimani, mayai ya mbuni, pembe na vitu vya meno ya ndovu huangukia chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na kuviweka bila kibali ni kosa hata kama vilikuwa vya babu. Kaunti ya Garissa ndiyo makazi ya hirola, swala aliye hatarini kutoweka kabisa, na wenyeji wa Ishaqbini wamemjengea hifadhi. Pembe zake hazina nafasi kwenye rafu ya mtu yeyote.

Wapo wasomaji wa kitabu hiki ambao sebule zao ziko Minneapolis au Toronto, na wengine kati yao walilelewa Ifo, Dagahaley au Hagadera, kambi za Dadaab zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hao ndio hatimaye wanaokutana na meko ya ukutani ya kweli. Minneapolis kuna Jumba la Makumbusho ya Kisomali lililoanzishwa 2013, lenye aqal na vyombo vyake, na ni mahali pazuri pa kujifunzia mpangilio kabla ya kujaribu nyumbani. Lakini mtu asidanganywe na rafu iliyo tayari. Meko ya kule hutoa joto kavu na kali, na chombo cha mti au cha nyuzi kilichowekwa juu yake wakati wa baridi hupasuka kabla theluji haijayeyuka. Kama meko yanawashwa, weka juu yake jiwe na chuma tu: chetezo, birika, taa ya chemni. Xeero na dhiil ziende ukuta wa mbali na mashine ya joto, na bakuli la maji liwe karibu nazo ili hewa isikauke mno. Moshi wa kijiti ufanywe nje, baada ya kuwaeleza majirani, kwa kuwa king'ora cha moshi cha nyumba za kule hakitofautishi kati ya kufukiza na kuungua.

Na kitu kimoja kwenye rafu hii kitaombwa. Xeero kubwa ya mti bado inahitajika kwa arusi, pale upande wa bibi arusi unapoandaa nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ikafunikwa, ikafungwa kwa kamba za fundo gumu ambalo upande wa bwana arusi lazima walifungue kwa ustaarabu, si kwa kisu. Bakuli zuri la zamani linajulikana mtaa mzima, na shangazi wa mtu atabisha hodi kuliazima. Mpe. Andika kwenye karatasi jina la aliyelichonga kama unalijua, mahali lilipotoka na mwaka, uikunje uitie kwenye kitambaa kitakachokwenda nalo, ili arusi nayo iandikwe hapo chini ya yale ya mwanzo. Likirudi, ondoa samli kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, lianike kivulini mpaka likauke kabisa, lifukize kwa kijiti, kisha ulirudishe juu.